Kabla Hatujagawana Ufukwe

Ukisema pale Mwanjelwa kwamba wikiendi unakwenda bichi, utaulizwa swali moja tu: ya wapi? Maana sisi wa Mbeya tunazo mbili. Kuna ile ya mbali, ya Bagamoyo na Unguja, ambayo wengi tunaijua kwa picha za watu wengine. Na kuna ya kwetu. Unapanda kosta, mnakata kona Uyole, mnapita Tukuyu na mashamba yake ya chai na migomba, mnashuka mpaka masikio yanaziba, kisha mnaukamata upande wa Ziwa Nyasa hadi barabara inapoishia Matema. Hapa mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule ziwani ni chini ya 500. Sweta uliyotoka nayo asubuhi, mchana inakuwa mzigo.

Nazitaja zote mbili kwa pamoja kwa sababu zina jambo moja ambalo matangazo ya utalii hulipita haraka haraka. Mchanga wake umekanyagwa sana na watu wa dini. Karibu kila ufukwe mzuri tunaoutamani hapa nchini una msikiti wa kale, au misheni, au kaburi, au mzimu, hatua chache kutoka mahali tunapotandika taulo. Haikutokea kwa bahati. Dini zilikuja kwa maji, zikashuka pale ambapo chombo kinaweza kutia nanga, na pale chombo kinapotia nanga vizuri ndipo na mgeni wa leo anapopenda kuogelea. Zaidi ya hapo, wenyeji walikuwa na matambiko yao kwenye miamba hiyo hiyo kabla ya wote.

Sasa basi, mahali pakiwa patakatifu kwa mmoja, na mwingine akaja hapo kupumzika, nani anamdai nani? Kwa kawaida tunajibu kwa neno "heshima". Vaa kanga unapopita kijijini, vua viatu mlangoni, usipige picha watu wanaosali. Ni jibu zuri, lakini nadhani halifiki mbali. Kuna mtu anaweza kufuata masharti hayo yote, akajifunika vizuri kabisa, na bado akaondoka akiwa amechukua kitu ambacho hakikuwa chake. Mwingine akakosea mavazi kwa kutojua, asidhuru chochote. Kwa hiyo pana jambo jingine chini ya mavazi.

Mimi naona lugha yetu wenyewe inatusaidia. Siku hizi maeneo haya tunayaita "urithi". Urithi wa taifa, urithi wa dunia, utalii wa urithi. Neno limezoeleka mpaka halina uzito tena. Lakini hebu lirudishe msibani, mahali linapotumika kila siku. Mtu kafariki, kaacha shamba, nyumba, ng'ombe wawili. Watu wanakaa kikao. Anayejua sheria ya mirathi ya Kiislamu atakwambia utaratibu wake bila kusita: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi, na hapo ndipo warithi wanapogawana kinachobaki. Na hata katika familia zisizo za Kiislamu, kikao cha ukoo kikiendeshwa vizuri, kabla ya kugawana huwa kuna mzee anayeuliza: marehemu alikuwa anadaiwa na nani?

Hilo ndilo swali tunaloliruka ufukweni. Tunaita mahali "urithi" na papo hapo tunaanza kugawana: kiingilio, hoteli, picha, kazi za vijana, kodi ya halmashauri. Hatuulizi madeni. Na hoja yangu yote ni hii: urithi wa dini uliopo kwenye fukwe zetu unakuja na madeni, na anayetaka kuufaidi kabla ya kuyalipa, awe mgeni au mwenyeji, hata akijifunika kanga mbili, hajauheshimu.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani waliingia Unyakyusa kutokea upande wa ziwa, wa Berlin na wa Moraviani, kila kundi likichukua upande wake. Wa Moraviani wakaweka makao Rungwe, wa Berlin wakawa na vituo ukanda wa ziwani, Matema ikiwa mojawapo. Walutheri wa leo wa Dayosisi ya Konde ndio warithi wa kazi hiyo ya Berlin. Pale Matema wana kanisa, hospitali, na nyumba za wageni karibu kabisa na maji. Kwa hiyo ukilala pale ukaamka na mawimbi, umelala katika historia ya kanisa, upende usipende.

Lakini wamisionari hawakukuta pwani tupu. Upande wa Ikombe, chini ya ile milima inayodondokea ziwani, ipo sehemu ya miamba na pango ambapo Wanyakyusa na Wakisi walipahusisha na Kyala. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya kazi Unyakyusa miaka ya 1930, walikuta bado watu wanapazungumzia kama mahali pa ibada. Kyala huyo wa pangoni alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, kama Lwembe wa Lubaga. Wamisionari walipotafuta neno la kumwita Mungu kwa Kinyakyusa, jina walilolichukua ni hilo hilo: Kyala. Likaingia kwenye sala, nyimbo na Biblia. Leo bibi wa Kinyakyusa akisema Kyala, anamaanisha Mungu wa Ibrahimu, wala hafikirii mwamba wowote.

Sisemi waliiba. Kila dini inayovuka lugha lazima iazime maneno, la sivyo itabaki bubu. Na waliolipokea jina kwa maana mpya walikuwa watu wazima wenye akili zao, walichagua. Lakini kuazima ni kuazima. Jina lilihamia kanisani, pango likabaki na giza lake, na mapokeo ya mahali pale yakaanza kuitwa mambo ya kishenzi na watu wale wale waliokuwa wanatumia jina lake kila Jumapili. Hapo kuna deni. Si deni la fedha. Ni deni la kusema ukweli kwamba tulikuta kitu, tukakichukua, na kilikuwa na wenyewe.

Sasa mgeni wa bichi anaingiaje hapo? Anaingia bila kujua, na hilo si kosa lake. Anatoka Mbeya mjini au Ulaya, anakodi mtumbwi, anakwenda kuwaona akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu, anarudi. Kijana anayempeleka anajua kwamba wageni wanapenda hadithi. Pango linakuwa hadithi, na hadithi inakuwa sehemu ya bei. Kidogo kidogo, mahali ambapo zamani hapakufikiwa hovyo panageuka kituo kimoja kati ya vituo vinne vya safari ya mchana.

Kuna atakayesema: si afadhali hivyo kuliko kusahaulika? Bila watalii nani angekumbuka pango? Hoja hii ina nguvu, na siikatai kwa haraka. Vitu vingi vya imani vimeokolewa na watu wasioviamini. Chukua Kilwa Kisiwani. Msikiti wake mkubwa na magofu ya Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 vikahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikiwa inakula ufukwe na kuta zikiendelea kubomoka. Ikafanyika kazi ya kuhifadhi, na mwaka 2014 vikaondolewa kwenye hatari. Wengi waliochangia hela na utaalamu hawakuwa Waislamu wala Watanzania. Ukiuliza kwa kipimo changu cha madeni, hao walilipa. Waliusimamisha ukuta usianguke. Nani atawaambia kwamba hawana sehemu?

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema mahali patakatifu ni pa waumini tu, wengine wakae mbali. Pia historia haiwaungi mkono. Misikiti ya kale ya pwani ilijengwa katika miji ya biashara. Ule wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na mpaka leo watu wanaswali ndani yake. Umbali mfupi tu kutoka hapo kuna boti za kuwapeleka wageni kuangalia pomboo. Biashara na sala zimekaa jirani pale kwa karne nyingi. Ubaya haupo katika ujirani huo.

Ubaya upo pale anayefaidi anapojiita mrithi bila kubeba kitu. Dunia nzima inaweza kuuita msikiti wa Kizimkazi urithi wake, lakini dunia haifagii msikiti. Anaufagia mtu fulani wa pale kijijini, anajaza maji ya kutawadhia, anaamka alfajiri. Akizuiwa kufika, au akiona haya kufika kwa sababu njia yake inapita katikati ya vitanda vya kuotea jua, basi kilichobaki ni jengo tu. Na hapo ndipo napata kipimo ambacho mavazi hayakunipa. Usiangalie kwanza mgeni kavaa nini. Angalia kama mwenyeji bado anafika mahali pake bila kuomba ruhusa.

Sisi wa Mwanjelwa tunakijua kipimo hiki bila kwenda pwani. Soko letu liliungua mwaka 2006. Soko likiungua, swali la kwanza mtaani huwa ni je, waliokuwa na meza humo watarudi? Mtu aliyeuza vitunguu mahali pamoja miaka 15 hana hati, ana mazoea tu, na wateja wanaomjua. Jengo jipya linaweza kuwa zuri, la ghorofa, la kupigiwa picha, na yeye akabaki nje na beseni lake. Watu wataliita soko, kwa jina lile lile. Lakini yule mama atakwambia kwamba soko lake liliungua, na kwa maana fulani atakuwa anasema kweli.

Lakini yapo madeni magumu zaidi ya hayo ya njia, ambayo mdai wake hayupo tena. Hapo lazima twende Bagamoyo.

Ile milima iliyo juu ya Matema inaitwa Milima ya Livingstone. Mwenye jina hilo alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake wa safari, Susi na Chuma wakiwa miongoni mwao, waliubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwili ulilazwa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, kisha ukavushwa Unguja kuelekea Uingereza. Mnara wa kanisa la zamani pale unaitwa kwa jina lake. Mgeni anayetoka kuogelea anaoneshwa mnara. Wabebaji walikuwa makumi ya watu; wanaotajwa na waongoza wageni ni wawili au watatu.

Misheni yenyewe ilianza mwaka 1868, na kazi yake ya mwanzo ilihusu watumwa. Mapadri walikuwa wakiwakomboa watoto kwa kuwanunua sokoni Zanzibar, wakawapeleka Bagamoyo, wakawafundisha dini na kazi, na baadaye wakawaanzishia kijiji cha Kikristo. Watoto hao walilima mashamba ya misheni. Hawakurudi kwao, kwa sababu kwao kulikuwa mbali na wengine hawakukumbuka tena ni wapi. Wengi wa waliouzwa katika masoko yale walitoka bara, na kanda ya Ziwa Nyasa ilikuwa moja ya maeneo yaliyotoa watu wengi. Ng'ambo ya bahari, mwaka 1873, Sultani Barghash alisaini kufunga soko la watumwa la Zanzibar, na mwaka huo huo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao kuu juu ya kiwanja hicho, chini ya Askofu Edward Steere. Inasimuliwa kwamba altare iko pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Haya ni majengo ninayoyaona ya maana kuliko mengi nchini. Lakini ukitumia lile swali la kikao cha mirathi, "marehemu alikuwa anadaiwa na nani?", majibu yake yanatisha kidogo. Wadai ni watoto ambao majina yao ya kwanza yalifutwa kwa ubatizo, ambao walikombolewa kweli, wakashukuru kweli, na bado hakuna aliyewauliza. Hawana anwani. Huwezi kuwatumia hela. Sasa deni la mtu asiyekuwepo linalipwaje? Au tuseme limekufa naye?

Wapo wanaosema limekufa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo; vijana wa Bagamoyo wanahitaji ajira, si maombolezo. Nawaelewa. Ila methali nyingine inasema dawa ya deni ni kulipa, na haijaongeza "ikiwa mdai yupo". Katika mirathi, deni halifutiki kwa sababu mdai amekufa. Linakwenda kwa warithi wake. Na warithi wa watoto wale ni nani? Kwa kiasi kikubwa ni sisi wa bara. Mtu wa Mbeya anayeingia lango la misheni na tiketi mkononi anaweza kuwa ndugu wa ukoo wa mtoto aliyefikishwa hapo kwa mnyororo. Hajui, na hatajua kamwe. Lakini kwa kutojua huko hatuwezi kumwita mgeni moja kwa moja. Pale getini mdai na mtalii wanaweza kuwa mtu mmoja, na kiingilio analipa yeye.

Kwa hiyo kulipa deni la namna hii, kadiri ninavyoona, ni kusema habari yote. Yaani mwongozaji asiishie kwenye mnara na mbuyu mkubwa. Aseme walinunuliwa, aseme walilima, aseme kwamba wema uliofanyika pale ulikuwa wema wenye mipaka. Habari iliyokatwa ili isiharibu mapumziko ya mtu ni kuwanyima wadai hata kile kidogo tunachoweza kuwapa. Na mgeni anayekasirika kwamba ameharibiwa siku yake, basi ameelewa alipofika.

Nirudi ziwani, maana huko bado tuna muda. Matema haijajaa mahoteli. Jumamosi pale Lyulilo bado ni siku ya vyungu, na vyungu hivyo vinapanda milima mpaka kwetu Mwanjelwa, vikipangwa chini na kuuzwa kwa akina mama wanaopikia maharage humo. Lakini barabara zinaboreshwa, na kila mwaka wa uchaguzi neno utalii linatajwa kwa sauti kubwa zaidi. Siku itafika mtu mwenye nia njema atasema: tuweke kibao kwenye lile pango, tujenge ngazi, tuweke kiingilio, hela ziende kijijini. Litakuwa pendekezo zuri kwenye karatasi.

Mimi sina jibu la ndiyo au hapana juu ya kibao. Nina mashaka na namna ya kuuliza. Mara nyingi wenyeji huitwa kwenye mkutano wakati ngazi zimeshachorwa, wanaulizwa wangependa zipakwe rangi gani. Mkutano wa kweli ni ule ambao mzee wa Kikisi anaweza kusimama akasema "hapa hapana, tafuteni pengine", na mradi ukasimama. Anaweza kukubali pia. Labda atafurahi, labda atasema wajukuu zake wanahitaji ada ya shule kuliko pango. Hilo ni lake kuamua. Wachungaji nao wangekuwa na la kusema kwenye mkutano huo, na ningependa lianze na lile jina waliloazima watangulizi wao.

Tunapenda kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Ni msemo wa kweli, na Matema wengi wangepona kwa wageni. Lakini mwenyeji anapona kama bado ana mlango wa kufungua. Ukimkuta amekaa nje ya kwake akiuza maji ya chupa kwa wanaoingia, muulize taratibu, kwa shikamoo kama ni mkubwa, kama aliwahi kuulizwa. Halafu mpe nafasi ajibu kabla hujashuka majini.